Debe Tupu Haliachi Kuvuma: Mafundi wa Spika, Mmetujaza Vya Kutosha!



Leo sina habari za nani kamwagana na nani, wala nani kaonekana na nani usiku wa manane. Hizo zitakuja tu, mji huu haujawahi kuishiwa. Leo nina dukuduku langu kuhusu spika za kuchonga, zile tunazotengenezewa na mafundi wetu mitaani, na hasa kile kinachokaa ndani ya boksi. Hukioni, hukishiki, hukiulizi. Na ndiyo maana unapigwa nacho kila siku.

Wahenga walisema debe tupu haliachi kuvuma. Walikuwa wanawasema watu, lakini ukikaa mbele ya spika nyingi za mjini hapa utadhani walikuwa wanayasema maboksi.

MCHEZO UNAVYOCHEZWA

Kuna fundi mmoja, jina kapuni. Wanaomjua watamjua. Anachonga maboksi yanayopendeza macho: rangi nyeusi, wavu wa chuma mbele, taa za bluu zinazocheza na mdundo. Wateja wake ni wenye baa, ma-MC wa harusi, kwaya, na mastaa wawili watatu. Bei yake iko sehemu mbili. Kuna bei ya boksi, halafu kuna bei ya "sufu". Ukishtuka, anakushika bega.

"Bosi wangu, hii siyo pamba ya mtaani. Hii ni sufu ya kondoo wa New Zealand. Bila hii hupati mziki, unapata makelele."

"Kwani hapa haipatikani?"

"Hapa? Thubutu! Naagiza. Mzigo unakuja kwa meli."

Mteja anatoa pesa. Boksi linapigwa gundi, linakazwa skrubu, linavalishwa kapeti. Nani tena atafungua kuhakikisha?

Sasa bwana, boksi moja likafunguliwa. Spika ya mwenye baa mmoja iliungua koili usiku wa sikukuu, watu wamejaa, fundi mkubwa hapokei simu. Akaitwa kijana wa mtaa wa pili. Kijana katoa skrubu, katoa spika, kaingiza mkono. Boksi la kwanza kavuta pamba ya mito, ile nyeupe ya poliesta, kiasi cha kujaza kichwa cha mwanasesere. Boksi la pili hakukuta hata hiyo. Alikuta kipande cha lile povu gumu jeupe linalokuja na TV mpya, kimebandikwa ukutani kwa gundi ya mbao. Huyo ndiye kondoo wa New Zealand, ndugu zangu. Kapanda meli kaja na TV.

Na wapo wanaompigia debe. Msanii mmoja wa Bongo Fleva, naye jina kapuni, alituonyesha studio yake ya nyumbani kwenye video. Ukutani kapanga trei za mayai utadhani anafuga kuku. Anatamba eti spika zake zimejazwa sufu kutoka nje, na anayejaziwa vitu vya Kariakoo ajue ana kopo, hana spika. Maskini wa Mungu, hajui kwamba spika zake zimechongwa na fundi yuleyule, na hizo nembo za kizungu zimebandikwa hapahapa mjini.

Simcheki mtu kwa kuweka poliesta. Poliesta haina ubaya, nitaifikia. Kinachoniudhi ni hiki: hawa wawili wamewaaminisha vijana kwamba boksi zuri haliwezekani bila mzigo wa meli. Kijana mwenye msumeno, rula na akili zake anakata tamaa, au anaanza kudanganya kama wakubwa zake. Mteja naye akishalizwa mara moja anasema mafundi wote wezi, anakwenda kununua sabufa ya plastiki dukani. Anayekufa hapo ni ufundi wenyewe.

Kwa hiyo leo tunalifungua boksi hadharani. Kinachojazwa ndani siyo uchawi, na siyo lazima kitoke nje. Ni nyuzi. Na nyuzi tunazo.

KWA NINI BOKSI LINAJAZWA?

Koni ya spika ikienda mbele na kurudi nyuma inatoa sauti pande zote mbili. Sauti ya mbele ndiyo unayoisikia. Ya nyuma inaingia kwenye boksi, inagonga mbao, inarudi. Na kwa kuwa koni ni kitu chepesi, sauti hiyo inapenya na kutokea mbele ikiwa imeshachelewa. Unapata mwimbaji mmoja na kivuli chake.

Halafu kila boksi lina mlio wake wa asili. Sauti inasafiri kama mita 343 kwa sekunde. Boksi lenye urefu wa ndani wa sentimita 60 litapenda kuvuma lenyewe kwenye hezi 286 hivi. Hapo siyo kwenye besi ya ngoma. Hapo ndipo inapoishi sauti ya binadamu. Ndiyo maana MC akishika maiki unasikia kama anaongea akiwa ndani ya pipa, na ndiyo maana mahubiri mengine yanafika masikioni mwa waumini kama ugomvi wa mbali.

Dawa yake ni nyuzi nyingi, nyembamba, zilizoachiana nafasi. Hewa inayotikisika ikipita katikati yake inasuguana nazo, na nguvu yake inageuka kuwa joto dogo ambalo hata mkono hausikii. Sauti ya nyuma inafia humo humo.

Kwenye boksi lililofungwa kabisa, lisilo na tundu, kuna na nyongeza. Hewa ikibanwa inapata joto, ikiachiwa inapoa. Nyuzi zinapokea joto hilo na kulirudisha, na matokeo yake spika inajiona iko kwenye boksi kubwa kuliko lilivyo. Kwa hesabu za fizikia kikomo chake ni mara 1.4. Kwa vitendo hupati yote hiyo. Ukifanya vizuri unapata nyongeza kama ya asilimia 10 hadi 25. Siyo haba kwa kitu ambacho wengine wanakitupa jalalani.

NANI KASEMA NI SUFU TU?

Hapa ndipo mafundi wetu wa meli wanapoumbuka. Mwaka 1954 huko Marekani, Edgar Villchur na kampuni yake ya Acoustic Research walianza kutoa spika iliyoitwa AR-1. Boksi dogo, limefungwa kabisa, na besi yake iliwashangaza watu waliozoea maboksi makubwa kama kabati la nguo. Ndani yake waliweka nini? Nyuzi za kioo. Hakuna kondoo aliyenyolewa pale.

Sufu ilipata jina kubwa baadaye. Mwaka 1965 Dk. Arthur Bailey wa Bradford, Uingereza, aliandika katika jarida la Wireless World kuhusu boksi lenye njia ndefu iliyokunjwa ndani, akaijaza sufu ya nyuzi ndefu. Watu wakasoma, wakaiga, na mpaka leo sufu inatajwa kama dhahabu. Lakini Bradford ni mji gani? Ni mji uliokua kwa viwanda vya sufu. Sufu pale haikuwa kitu cha kuagiza kwa meli na kumringia jirani. Ilikuwa mlangoni.

Basi na sisi tuulize mlangoni kwetu kuna nini.

Nisieleweke vibaya. Sufu ni nzuri kweli. Nyuzi zake zimejikunja zenyewe, kwa hiyo hazilali chini kirahisi, na haishiki moto ovyo. Lakini tofauti kati ya sufu nzuri na poliesta nzuri ni ndogo ukilinganisha na tofauti kati ya boksi lililojazwa sawasawa na boksi tupu. Anayekutoza bei ya sufu halafu akaacha boksi tupu hajakuibia sufu tu. Kakuibia boksi zima.

SUFU NA SUFI, HERUFI MOJA INAKULA PESA YAKO

Mchezo mwingine uko kwenye ulimi. Sufu ni manyoya ya kondoo. Sufi ni zile nyuzi laini zinazotoka kwenye tunda la msufi, mti mrefu ambao watu wa pwani wanaujua vizuri, na ambao bibi zetu walijazia mito. Fundi anakitamka haraka, mteja anasikia anachotaka kusikia, risiti hakuna. Kesho ukimbana anakwambia, "Bosi, mimi nilisema sufi."

Wengine wana ujasiri zaidi. Wanakwambia ni sufu ya kondoo wa Umasaini. Muulize huyo kondoo kanyolewa lini! Kondoo wengi wa Tanzania, wale wekundu wa Kimasai na wale weupe wenye kichwa cheusi, wana nywele fupi zinazokaribia za mbuzi. Hawana sufu ya kujaza hata soksi. Kondoo wa sufu, kama Merino na Corriedale, wanafugwa jirani zetu Kenya kwenye nyanda za juu zenye baridi, na huko wapo watu wanaosokota nyuzi na kufuma mazulia. Kwa hiyo hata ukiitaka sufu yenyewe kabisa, njia yake siyo New Zealand. Ni basi la Namanga.

KIBERITI HAKINA UNAFIKI

Mteja, usibishane na fundi. Omba kinyuzi kidogo, kiasi cha ncha ya kidole. Toka nje, kishike kwa koleo, weka ndoo ya maji karibu, washa kiberiti. Usifanye hivyo ndani ya karakana yenye gundi na thina, utatuletea habari nyingine.

Sufu ikiungua inanuka kama nywele zilizoungua. Inajikunja, ukiondoa moto inazima yenyewe au karibu, na inaacha majivu meusi yanayopukutika ukiyasugua.

Poliesta inayeyuka. Inanuka plastiki, inadondosha matone ya moto, na ikipoa inaacha kitu kigumu kama shanga. Matone hayo yanaganda kwenye ngozi, kuwa makini.

Pamba na sufi zinawaka haraka kama karatasi, zinanuka karatasi iliyoungua, na zinaacha majivu mepesi ya kijivu.

Umemaliza. Huhitaji maabara wala cheti. Senti chache za kiberiti zinakwambia kama kondoo kapanda meli ama hakupanda.

VITU VIKO HAPAHAPA, HEBU TUVIHESABU

Ya kwanza, sweta za mitumba. Hapa ndipo sufu ya kweli ilipo, na watu wanaipita kila siku. Nenda Karume, nenda Manzese, au ukiwa Nairobi nenda Gikomba. Tafuta sweta na mablanketi mazito ambayo hayauziki kwa sababu yametoboka au yamesinyaa. Soma lebo ya ndani. Ikiandikwa "wool" asilimia 100, umepata. Ikiwa lebo imekatwa, kiberiti unacho. Fua kwa sabuni, anika mpaka ikauke kabisa, halafu kata vipande vidogo na uvichambue mpaka nyuzi ziachiane. Usiweke sweta nzima imekunjwa kama nguo ya msafiri, hewa haitapita. Kazi ya kuchambua inachosha, sikatai. Ndiyo ufundi wenyewe huo, na hapo hata mteja akikulipa zaidi ni halali yako.

Adui wa sufu ni nondo, na sisemi nondo za zege. Nasema yule kipepeo mdogo ambaye watoto wake wanakula nguo za sufu. Fua vizuri kabla ya kuweka, kwa sababu jasho na uchafu vinamvutia.

Ya pili, pamba ya mito ya poliesta. Nunua ile iliyochambuka, inayorudi juu ukiibonyeza. Nondo hawaili, unyevu wa Dar na Zanzibar hauiozeshi, na inapatikana kila mtaa wenye muuza magodoro. Ukitaka kunisikiliza neno moja tu leo, ni hili: fundi mwaminifu anayeweka poliesta ya kutosha na kusema "hii ni poliesta" anamshinda fundi mwenye kondoo wa hewani.

Ya tatu, sufi. Nyepesi sana, nyuzi zake zina uwazi katikati kama mrija. Inafaa, ila ina masharti. Inarukaruka hewani, kwa hiyo vaa barakoa unapoijaza. Inavunjika na kulala chini kadiri miaka inavyokwenda. Na inashika moto kirahisi mno, kwa hiyo isiwe karibu na amplifaya inayopata joto ndani ya boksi. Ishonee mfuko wa kitambaa chepesi kabla ya kuiingiza.

Ya nne, sponji ya godoro. Hapa kuna mtego. Siyo kila sponji inafaa. Chukua kipande, bandika mdomoni, puliza. Pumzi ikipita upande wa pili, hiyo inafaa. Ikikataa, hiyo ni ya kukalia, siyo ya kufyonza sauti. Na unene una maana. Sponji ya sentimita moja iliyobandikwa ukutani ni mapambo tu kwa ule mvumo wa hezi 286 niliousema.

Ya tano, mabaki ya mafundi cherehani. Vipande vya kitambaa vikichanwachanwa mpaka vikawa nyuzi vinasaidia. Ila pamba ikipata unyevu inashikana na kushuka chini ya boksi, ukija kufungua baada ya mwaka unakuta bonge moja kama ugali wa jana. Itumie ukikosa vingine, na ishonee kwenye kitambaa kama mfarishi ili isishuke.

VITU VYA KUKATAA HATA UKIPEWA BURE

Povu gumu jeupe la TV na friji: hewa haipiti, sauti inagonga inarudi. Ni sawa na kubandika kipande kingine cha ukuta.

Trei za mayai: ndani ya boksi hazina kazi, na ukutani kwa yule msanii wetu haziwezi kuzuia besi hata kidogo. Zinapunguza kidogo makali ya sauti za juu, basi. Ukilala nyumba ya jirani yake utanielewa.

Usumba wa nazi: nyuzi zake ni nene na ngumu. Uache kwenye magodoro na mazulia ya mlangoni.

Pamba ya kioo iliyochomolewa kwenye majiko na friji za zamani: hii inanikera kuliko zote. Ni kweli Villchur alitumia nyuzi za kioo, na viwanda vingine wanazitumia mpaka leo. Lakini kuna nyuzi za kioo mpya, zilizokatwa vizuri na mtu aliyevaa glavu, miwani na barakoa. Na kuna hizi zilizochakaa, zinazopukutika, anazichomoa mtoto wa miaka 12 mikono mitupu ili fundi apate faida. Zinawasha ngozi, zinachoma macho, zinakereketa koo. Zikiwekwa kwenye boksi lenye tundu la besi, kila mdundo unazipuliza sebuleni kwako. Na ukikuta kile kitu cheupe kilichozungushiwa mabomba ya moto ya viwanda vya zamani, usikiguse kabisa. Kinaweza kuwa asbesto, na hiyo haiwashi tu. Inaua, taratibu.

KIASI GANI, NA WAPI?

Kwa boksi lililofungwa, anza na gramu 8 kwa kila lita ya boksi, ukipanda taratibu mpaka kama gramu 16. Yaani boksi la lita 30 linakula gramu 240 hadi 480. Hiyo ni robo kilo mpaka nusu kilo, basi. Muuza nyama yeyote ana mizani ya kukupimia. Sasa jiulize, yule anayekwambia kaweka "kilo tano za sufu" kwenye boksi la lita 30, kaziweka wapi? Ukishindilia kupita kiasi, zinageuka kama ukuta na boksi linakuwa dogo badala ya kuwa kubwa.

Weka na katikati ya boksi, usibandike ukutani peke yake. Mvumo ule mkubwa wa boksi unasukuma hewa kwa nguvu zaidi katikati, siyo kwenye mbao. Hewa inayokwenda ndiyo inayosuguana na nyuzi. Hewa iliyobanwa ukutani haisogei, nyuzi zitaisugua vipi?

Boksi lenye tundu au bomba la besi ni habari tofauti. Hapo hujazi. Unapaka kuta za nyuma, juu, chini na pembeni kwa unene wa sentimita 3 mpaka 5, na unaacha njia nyeupe kati ya mgongo wa spika na bomba. Ukiziba njia, umeua besi uliyoilipia. Nyuzi zishikiliwe kwa kitambaa chepesi zisiingie kwenye koili wala zisitoke kwenye tundu. Na mdomo wa bomba uweke waya wenye matundu mapana, maana panya wa mjini akiona nyumba ya joto yenye godoro la bure hangoji kukaribishwa.

Halafu sikiliza. Usijaribie mziki mnene, mziki mnene unaficha madhambi. Weka mtu anayesoma taarifa ya habari. Sikiliza boksi likiwa tupu, jaza kidogo, sikiliza tena, ongeza. Siku sauti ya msomaji ikitoka kwenye pipa na kukaa mbele yako kama mgeni sebuleni, acha hapo.

WANAVYOJITETEA

Najua simu zitakuja. Nimeshazisikia hoja zao, nazijibu kabisa.

"Wateja wenyewe wanataka sifa, ukimwambia poliesta anakukimbia." Sawa, wapo mabishoo wa hivyo. Lakini nani aliyewafundisha kwamba poliesta ni aibu? Ni ninyi. Mmepanda wenyewe, mnavuna, mnalalamika shamba lina magugu.

"Mteja hasikii tofauti." Uongo. Mteja anasikia, ila hana jina la kuiita. Anasema "spika inaniumiza kichwa", anasema "nikipandisha sauti mke wangu anakasirika", anasema "maneno hayasikiki vizuri". Huo ndio ugonjwa wa boksi tupu, kausema kwa Kiswahili cha nyumbani. Wewe fundi ndiye uliyetakiwa kutafsiri.

"Unatuharibia biashara." Hapana kaka. Nakuharibia mchezo. Biashara yako ni mbao zilizonyooka, viungo visivyovuja hewa, spika inayolingana na boksi lake na nyuzi za kutosha ndani. Hiyo biashara nataka ikue mpaka mtoto wako airithi. Kondoo wa kwenye maneno huwezi kumrithisha mtu.

Na kuna wale waungwana watakaosema haya ni mambo madogo, kuna watu hawana maji, wewe unaongelea pamba ya spika. Mwenye baa yule alikopa ili anunue spika zile. Kwaya ilichangishana mwaka mzima. MC kijana aliuza bodaboda aanze kazi ya sherehe. Kwao hayo siyo mambo madogo. Na kijana yule wa mtaa wa pili aliyefungua boksi, unajua alichofanya? Alijaza maboksi yote mawili kwa poliesta na sweta za mitumba, akatoza pesa ya kawaida, akasema alichoweka. Mpaka leo anaitwa "fundi wa bei rahisi", kana kwamba ukweli ni dosari. Yule mwenye meli bado anaitwa "mkali wa sauti". Hapo ndipo roho inaponiuma.

BASI TUKUBALIANE HIVI

Mteja, kabla hujalipa pesa ya mwisho, uliza maswali matatu. Boksi hili ni la lita ngapi? Umeweka nini ndani, na gramu ngapi? Nifungulie nione? Fundi wa kweli hatakasirika, atashukuru kupata mtu wa kumringishia kazi yake. Fundi akianza kutokwa jasho, akakwambia "ukifungua unapoteza waranti", chukua pesa yako uende. Skrubu siyo muhuri wa serikali.

Fundi, andika kwenye risiti ulichoweka. Sufu andika sufu, sufi andika sufi, poliesta andika poliesta. Neno moja tu. Ukiona aibu kuliandika, ujue hata kuliweka ulikosea.

Na wewe staa wetu mwenye trei za mayai: tunakupenda, nyimbo zako tunazicheza, lakini kabla hujawadharau mafundi wa uswahilini, chukua bisibisi. Fungua boksi lako. Kama ni sufu ya kondoo, rudi mtandaoni utuonyeshe na kiberiti kikiwa mkononi, nami nitakupongeza kwenye ukurasa huuhuu kwa herufi kubwa.

Wadau, uwanja ni wenu. Nani kafungua boksi lake, na kakuta nini? Soksi? Magazeti? Panya na familia yake? Tupieni hapo chini. Majina hapana, matusi hapana, ukweli ruksa.

Nawasilisha.